Miaka 16 Juu ya Friji

Asubuhi hii mama muuza maandazi wa kwenye kona amenitazama mdomoni, akacheka kwa upole, akaniuliza zambarau nimezipata wapi na msimu bado. Nikafungua mdomo nimweleze. Nikakumbuka kwamba maelezo yenyewe yangeanzia kwenye neno divai, yakapitia neno shemeji, yakaishia kwenye sinki la jikoni la watu. Nikaufunga. Nikanunua maandazi manne, nikaondoka na ulimi wangu wenye rangi ya bilinganya.

Rangi itatoka. Daktari wa meno, ambaye kwa bahati yangu mbaya alikuwa mezani jana usiku, alinionya hata nisikimbilie mswaki: divai ina asidi inayolainisha sehemu ngumu ya nje ya jino, na ukisugua muda huohuo unalisugua jino lenyewe. Nisubiri nusu saa. Nimesubiri usiku kucha. Lisilotoka ni lile la shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, kuinua chupa yangu hadi kwenye taa, kuitazama shingoni, kushuka mabegani, kushuka tena, kisha kuniuliza kwa sauti ile wanayoitumia madaktari kabla ya kukwambia ukae: "Shemeji, hii ulikuwa unaihifadhi wapi?"

Nilimjibu kwa fahari. Hapo ndipo panaponiuma. Nilinyoosha mgongo kabisa, nikasema: "Juu ya friji."

Wala hakuna aliyeniomba nipeleke chupa. Shemeji ni mtu wa divai za zamani. Ana friji maalumu ya kuzilaza, yenye mlango wa kioo, na jenereta inayoiamkia kabla hata ya taa za sebuleni umeme ukikatika. Alitualika watu sita kwake Mbezi Beach tuonje nyekundu nne za Bordeaux: ya 1990, ya 1996, ya 2000 na ya 2005. Ujumbe wake ulisema tuje na njaa tu. Mtu mwenye akili angeenda na njaa. Mimi niliinua macho juu ya friji yangu, nikaona na mimi ninayo ya 2003.

Chupa ile nilipewa mwaka 2008 na mkuu wangu wa kazi, aliyekuwa akihama nchi na kugawa vitu. Mwenzangu mmoja alipata pasi, mwingine akapata godoro. Mimi nikapata chupa na maelekezo ya sentensi mbili: "Itunze. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kuwa nzuri." Hakusema ikae wapi.

Niliitunza kama mtu anavyotunza hati ya kiwanja. Tulipopaua nyumba, mke wangu aliitazama, akanitazama, nikasema bado. Mtoto wa kwanza alipomaliza darasa la saba, bado. Katikati ya hayo palikuwa na mwaka wa kumi wa ndoa yetu. Alipika pilau, akatandika kitambaa cha meza, akaleta glasi mbili za miguu mirefu ambazo hadi leo sijui alizipata wapi, akasema, "Baba watoto, leo?" Nikamweleza, kwa ule upole wa mtu anayejua mambo, kwamba divai ya namna ile ina wakati wake wa kuiva, na kuifungua mapema ni sawa na kuangua embe changa. Tukanywea juisi ya pasheni zile glasi.

Kuhusu juu ya friji nilikuwa na hoja. Divai hutaka baridi. Friji ina baridi. Kilicho jirani na friji ni jirani wa baridi. Ni hoja inayosimama vizuri hadi umweleze injinia, na Injinia alikuwa kiti cha pili kutoka changu. Aliweka uma chini akaanza kunifundisha friji, na lazima nikiri kwamba pamoja na aibu iliyokuwa imenikaa shingoni, nilisikiliza kama mtoto. Friji, kumbe, haitengenezi baridi. Inahamisha joto tu. Ndani ya mabomba yake kuna dawa inayogeuka kimiminika, ikawa gesi, ikarudi kuwa kimiminika, siku nzima, bila kuchoka. Ikigeuka gesi kule ndani, inalinyonya joto la maziwa, la mchicha, la samaki. Kompresa inaibana, inakuwa ya moto, inapitishwa kwenye mabomba ya nyuma, na huko inalitema joto lote. Nalo joto likishatemwa linapanda. Kwa hiyo kila changu niliyemnunua Feri tangu 2008, kila sufuria ya maharage iliyoingia humo ikiwa bado na uvuguvugu, joto lake lilitoka nyuma, likapanda, likamwendea Mfaransa wangu aliyesimama pale juu akisubiri kuiva.

"Kwa hiyo shemeji," Injinia alihitimisha, naye hata si shemeji yangu, "ulikuwa unapoza mchicha kwa kuipika divai."

Tena ilikuwa inapikwa mara ya pili. Mwaka 2003 Ulaya ilipata majira ya joto ambayo wazee wa huko hawakuwahi kuyaona. Ufaransa pekee ilizika maelfu ya watu kwa joto la Agosti ile, na huko Bordeaux zabibu zilichumwa mapema kuliko kawaida. Hizo ndizo zilizokamuliwa zikawa divai yangu: zabibu zilizokwisha kulilalamikia jua la kwao, zikafungwa kwenye chupa, zikaletwa Dar es Salaam, zikasimamishwa juu ya friji, hatua mbili kutoka jiko la gesi, mahali ambapo ukifika Februari siagi haipakwi, inamiminwa.

Lakini yule mkuu wangu wa kazi hakunidanganya, na hilo ndilo linalonichanganya. Divai nyekundu kweli huwa nzuri ikikaa. Ukitaka kuelewa kwa nini, iache divai kwanza, uliume bibo la korosho. Unajua kinachofuata: mdomo unakauka ghafla, ulimi unakuwa kama umepakwa chokaa, na unabaki umekunja uso mpaka upate maji. Kiswahili kina neno moja kwa jambo hilo, ukakasi, na halihitaji msaada. Kinachouleta huitwa tanini. Mate yetu yana protini zinazoulainisha mdomo kama grisi kwenye bawaba; tanini ikiingia inazikamata protini zile, zinagandamana, utelezi unatoweka, ulimi unaanza kulikwaruza kaakaa. Maganda na mbegu za zabibu nyekundu zimejaa tanini. Ndiyo maana Bordeaux changa, kwa asiyeizoea, ni kama kulamba mlango wa mninga.

Sasa iweke. Mwaka baada ya mwaka, chembe za tanini na chembe za rangi zinashikana mikono humo gizani. Mnyororo unarefuka, unakuwa mzito, mwisho unashindwa kuelea, unatua chini kama mashapo. Kilichobaki juu kina ukakasi mdogo na rangi pungufu. Kwa hiyo divai nyekundu ikizeeka hupauka, na nyeupe, kwa ukaidi wake, ikizeeka hukolea. Shemeji aliiinamisha glasi ya ile ya 1990 juu ya karatasi nyeupe tuone. Katikati ilikuwa bado nyekundu, lakini pembeni, pale inapokuwa nyembamba kama utando, ilikuwa na rangi ya nyumba za matofali ya kuchoma za Iringa jua linapozama. Kwa dakika nzima nilisahau kwamba mimi ndiye niliyeaibika.

Ila kazi hiyo inataka polepole: nyuzi 12 hadi 14 za joto, giza, bila kutikiswa. Wanakemia wana kanuni yao ya kukadiria kwamba joto likipanda nyuzi 10, kasi ya mambo ndani ya chupa huongezeka kama maradufu. Chupa ya shemeji ilizeeka kama mwalimu mstaafu mwenye kibaraza. Yangu ilizeeka kama konda wa daladala.

Wala si kasi peke yake. Divai ikipata moto hutanuka. Haina pa kwenda ila juu, inakisukuma kizibo na kupenya pembeni yake. Usiku ikipoa inanywea, na nafasi ile inavuta hewa. Mchana tone linatoka, usiku pumzi inaingia, na pumzi ndiyo sumu yake. Kwa miaka mingi dada wa kazi alikuwa akiniambia kwamba chupa yangu inanata. Nikamwambia ni mafuta ya chapati, aifute. Aliifuta kila Jumamosi. Jana ndiyo nimejua alichokuwa anakifuta.

Na hicho ndicho shemeji alichokuwa akikitafuta kwenye mwanga wa taa. Wajuzi hukisoma kimo cha divai ndani ya chupa ya Bordeaux kama nesi anavyosoma kipimo cha presha. Ikiwa shingoni, ni nzima. Ikiwa juu ya mabega, kwa chupa ya miaka 30 au 40, si neno. Ikiwa katikati ya mabega, wasiwasi. Ikiwa chini ya mabega, poleni. Yangu, ya miaka ishirini na ushee, ilikuwa kifuani.

"Uliwahi kuionja kidogo?" Wakili aliniuliza, na naamini alikuwa ananitafutia mlango wa kutokea. Ningesema ndiyo. Ningesema niliionja mwaka wa kumi wa ndoa yangu, nikaifunga. Lakini mke wangu alikuwa ameketi pale.

Nikaomba niifungue mwenyewe. Sijui ni shetani gani.

Hapa inabidi nikieleze kizibo, kwa sababu tangu jana usiku nimekuwa nikikiwaza kuliko ninavyowaza ada za shule. Kizibo ni gome la aina ya mwaloni unaoota kando ya Bahari ya Kati, na Ureno ndiyo yenye misitu mikubwa zaidi. Mti huo unaupanda, unausubiri miaka 25, ndipo unalibandua gome lake kwa shoka. Gome hilo la kwanza halifai kwa chupa. Unasubiri miaka 9. La pili nalo huwa halijatulia. Unasubiri 9 mingine. La tatu, mti ukiwa na miaka 43, ndilo linalokata kizibo cha maana. Mti haukatwi; unavuliwa gome kama koti, unaachwa na shina jekundu lililo uchi, uote jingine. Wabanduaji hupaka kwenye shina tarakimu ya mwisho ya mwaka, ili anayekuja ajue zamu nyingine lini. Yaani kuna mzee alipanda mti ule akijua kabisa kwamba kizibo chake kitakatwa na mtu ambaye bado hajazaliwa.

Miaka 43. Mimi nilikivunja kwa sekunde tatu. Kilikuwa kimekauka kama kisheti cha juzi. Nusu ilitoka na kizibuo, nusu ikabaki shingoni. Shemeji alinyoosha mkono anisaidie. Nikamwambia asijali, nikaisukuma ile nusu kwa mpini wa kijiko. Ilikataa, ilikataa, kisha ikakubali yote kwa mpigo, na divai ikaruka ikatua kwenye mfuko wa shati la Daktari, palepale mtu anapochomeka kalamu.

"Leteni chujio la chai," akasema mke wa shemeji.

Divai ya Bordeaux ya 2003 ilichujwa Mbezi Beach kama chai ya tangawizi. Ikagawiwa kwenye glasi sita. Rangi yake ilikuwa ya chai ya rangi iliyolala. Ilinukia sukari guru iliyoungua, siki, na kwa mbali sana zile zabibu kavu zinazosahaulika chini ya sufuria ya pilau. Nikanywa funda kubwa, kwa sababu wote walikuwa wananitazama.

Watanzania ni watu wazuri. Hakuna aliyesema mbaya. Wakili alisema ina historia. Daktari, akiwa bado anafuta shati, alisema ina tabia. Mke wa shemeji alisema tusiimwage jamani, itafaa kwenye mchuzi wa nyama, akaichukua kwenda nayo jikoni, na mlango ukiwa wazi tukamsikia dada wa jikoni akinusa, akanyamaza, kisha akasema kwa heshima zote: "Mama, si itaniharibia nyama?" Haikuwa imefika kwenye siki ikafaa kachumbari, na kwenye divai ilikwishaondoka zamani. Ilikuwa imekwama katikati kama basi la mkoani lililokatika mkanda. Tukasikia bomba la sinki likifunguliwa.

Baada ya hapo jioni iliendelea vizuri sana, bila mimi.

Ile ya 1990 shemeji aliifungua kwa kifaa chenye meno mawili membamba, yanayopenyezwa baina ya kizibo na kioo. Kilitoka kizima, kama mtoto anayeinuliwa kitandani bila kuamshwa. Akaimimina polepole kwenye jagi la kioo, mshumaa ukiwaka nyuma ya shingo ya chupa, na mashapo yalipoanza kuonekana akaacha. Nikaomba kile kilichobaki chini, nikidhani ni kama ukoko. Nimetafuna mashapo ya miaka zaidi ya thelathini mbele za watu.

Ya 2000 niliimwaga kidogo tu.

Ya 2005 iliambatana na somo la ligi. Mwaka 1855, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris, mashamba ya divai nyekundu ya Bordeaux yalipangwa katika madaraja matano kwa kufuata bei zake sokoni. Orodha ile ipo hadi leo. Tangu hapo limepandishwa daraja shamba moja tu, Château Mouton Rothschild, kutoka la pili hadi la kwanza, mwaka 1973. Hebu fikiri ligi iliyopangwa miaka 80 kabla ya Yanga na Simba kuwapo, isiyoshusha timu, iliyopandisha moja, na bado watu wananunua tiketi. Niliuliza kama kuna refa. Hawakulipenda swali.

Nimeiruka ya 1996. Nimeiruka kwa sababu kwenye hiyo sichekeshi tena.

Tuliambiwa tuzungushe glasi, tunuse, kila mtu aseme anasikia harufu gani. Injinia, aliyesoma Ufaransa, akasema maranda ya penseli. Vichwa vikakubali. Wakili akasema kasha la sigara za Cuba; havuti, hajawahi kuvuta, vichwa vikakubali. Daktari akasema ngozi ya tandiko la farasi. Mbezi Beach! Mara ya mwisho Daktari kumkaribia farasi ni kwenye gwaride la televisheni. Vichwa vikakubali. Ikaja zamu yangu, nikanusa mara mbili kwa sababu nilitaka kusema kweli, nikasema nasikia nguo zilizoanuliwa masika kabla hazijakauka, zikakunjwa hivyohivyo, zikawekwa kabatini.

Walicheka hadi shemeji akashika meza. "Huyu bado yuko juu ya friji," akasema mmoja wao, na mke wangu akacheka pia, nilimwona.

Dakika kumi zikapita. Injinia akaichukua tena glasi yake, akanusa, akakunja paji, akanusa, kisha akatamka kwa Kifaransa: bouchonné. Kimya kikatanda. Shemeji naye akanusa, akafumba macho kama mtu aliyepokea habari za msiba, akasema ni kweli. Vichwa vyote vikatikisika kwa heshima.

Nikauliza maana yake. Maana yake ni kwamba kizibo kimeiharibu divai. Ukungu mdogo hukaa kwenye gome. Ukikutana na kemikali za jamii ya klorini hutengeneza kitu ambacho wataalamu hukiita kwa kifupi TCA, na hicho pua ya binadamu hukinasa hata kikiwa chembe chache tu katika trilioni. Hakiui mtu. Kinaifunika tu divai yote kwa harufu moja, ambayo vitabu vyao huieleza kuwa ya kadibodi iliyolowa, ghala lenye unyevu, au nguo zilizopata uvundo.

Nguo zilizopata uvundo! Mimi nilikuwa nimesema nini? Nilikuwa wa kwanza mezani. Nilisema kwa usahihi, nikataja hadi msimu na kabati, nikachekwa. Mwenzangu akaja dakika kumi baadaye na neno moja la Kifaransa, akaaminiwa kabla hajameza. Na niliponung'unika kwamba hilo mimi nilishalisema, shemeji akanipiga bega kwa huruma akasema, "Ulibahatisha, shemeji."

Sikubahatisha. Nimelala na hasira hiyo na nimeamka nayo. Maranda ya penseli ni harufu ya utoto wa mtu fulani. Tandiko la farasi ni utoto wa mtu fulani mwingine, mwenye farasi. Watu hao walikua, wakaonja divai, ikawakumbusha nyumbani, wakaandika, na sasa nyumbani kwao ni elimu. Aliyekulia kwenye mabibo, kwenye ukoko, kwenye kasha la bibi lenye harufu ya udi na mkeka mkavu, kwenye vumbi la Dodoma tone la kwanza la mvua linapolipiga, huyo hana pua. Ana vituko. Na wanaomcheka wamekulia humohumo.

Na wenyewe wenye maneno hawako salama. Mwaka 2001 ilichapishwa taarifa ya watafiti waliochukua divai nyeupe, wakaitia rangi nyekundu isiyo na harufu, wakawapa wanafunzi 54 wa elimu ya divai. Huko huko Bordeaux. Vijana wakanusa, wakaandika, na harufu walizozieleza zilikuwa zile zinazosemwa kwa divai nyekundu. Pua ilikuwa imefuata jicho, na ulimi ukafuata kitabu. Niliwasimulia habari hii mezani, kwa sauti, nikiwa nimesimama. Sasa hivi, mchana huu, naona huenda haukuwa wakati wake.

Nikaongeza la Dodoma, kwa kuwa nilikuwa nimeshasimama. Niliuliza nani kati yetu ana chupa ya Dodoma ya zamani, hata ya miaka kumi. Hakuna. Kule mzabibu hauna majira ya baridi ya kulala. Unapogolewa, unaamka, unazaa tena, mara mbili kwa mwaka, kiasi kwamba lebo ikitaka kuwa mkweli ingeandika na mwezi. Mahali ambapo mzabibu huvunwa mara mbili, sisi hatujaweka akiba hata kreti moja tuone itakuwaje, ila chupa ya Mfaransa tunaiwashia jenereta. Shemeji akaniambia nikae, nyama inapoa.

Kwenye gari mke wangu hakusema neno hadi tulipofika Mwenge. Taa zilikuwa nyekundu. Alikuwa ameibeba ile chupa tupu mapajani, sijui aliichukua saa ngapi.

"Kwa hiyo siku ile ya pilau," akasema, "ilikuwa imeiva."

Kwa hesabu ya Injinia, ndiyo. Ilikuwa imeiva, na huenda ilikuwa imeanza kupita. Nikamwambia taa zimewaka kijani, ingawa dereva nilikuwa mimi.

Sasa nimerudi na maandazi yangu manne. Juu ya friji pako wazi, pana duara moja safi katikati ya vumbi. Chupa iko mezani. Imeoshwa, lebo yake imebaki, ile 2003 inasomeka vizuri, na ndani imejaa mafuta ya alizeti hadi shingoni, kimo ambacho mjuzi yeyote angeniheshimu nacho. Nikamuuliza mke wangu kulikoni. Akasema shingo yake ni nzuri, haimwagi. Akachukua andazi, akanitazama ulimi, akatazama juu ya friji, kisha akaisogeza chupa upande wake wa meza.

"Na hii usije ukaitunza," akasema. "Ijumaa nakaangia samaki."